Boti ya kupima kina ilivyozima Kilindini na injini zake zikiwa nzima

Boti ninayoichambua hapa ni ya chuma, urefu wa kama mita kumi na moja, ina injini mbili za dizeli za silinda sita na tangi mbili za mafuta chini ya sitaha. Kazi yake ni kupima kina cha maji. Inakwenda na kurudi kwa mistari iliyonyooka, mwendo wa pole, saa nyingi, kati ya mlango wa bandari ya Kilindini, Mombasa, na Port Reitz. Kazi hiyo inachosha watu kuliko inavyochosha injini, na ndiyo maana mwenye boti, mkandarasi ambaye sitamtaja jina, aliamua kuiendesha bila mtu ndani, kutoka chumba kimoja cha Mbaraki chenye skrini na kiyoyozi. Usukani ukafungwa mota, injini zikaunganishwa na kompyuta, sensa zikawekwa kila pembe. Karakana yetu iliitwa baada ya boti kuzima, na kwa upande wa injini tu.

Nianze na lililowashangaza wengi: injini hazikuwa na ubaya wowote. Tulipima mgandamizo silinda moja moja, tukatoa nozeli zikapimwa kwenye mashine, tukaangalia oili, tukazungusha turbo kwa mkono. Zote nzima. Mtu angeniletea injini zile niuziwe, ningelipa siku hiyo hiyo. Na ndizo zilizozima moja baada ya nyingine, ndani ya robo saa, maji yakiwa yanatoka, boti ikaanza kuchukuliwa na mkondo kuelekea njia ya feri za Likoni.

Siku yenyewe

Kabla ya kuondoa watu kabisa, timu ya mradi ilipanga jaribio walilolibatiza "mikono mfukoni". Nahodha na mzee wa injini wanapanda kama kawaida, lakini hawagusi kitu isipokuwa pakiwa na hatari. Kila kitu kinaendeshwa kutoka Mbaraki. Nawasifu kwa hilo, maana hakuna jaribio rahisi kuliko hilo na wengi hulikwepa kwa haraka ya kuonyesha kwamba chombo chao kimeshaweza kujitegemea.

Ulikuwa msimu wa kusi. Asubuhi boti ilifanya mistari ya nje, usawa wa Ras Serani, ambako wimbi la bahari kuu linaingia bila kizuizi. Ikayumba vya kutosha. Mchana ikaingia ndani kwenye maji matulivu, na hapo ndipo skrini ya Mbaraki ilipoonyesha alamu: maji kwenye mafuta, injini ya kushoto. Kijana aliyekuwa zamu akapiga simu. Mzee akamjibu kwamba bakuli la filta analiona na kweli lina maji. Wakakubaliana kuendelea, kwa kuwa sheria ya jaribio ndiyo hiyo.

Baada ya muda mizunguko ya injini ya kushoto ikaanza kushuka. Kompyuta ikafanya ilichofundishwa: ikaongeza mafuta. Injini ikakohoa, ikapanda kidogo, ikashuka tena, ikazima. Kompyuta hiyo hiyo ilikuwa imeagizwa kulinda mwendo kwenye mstari wa kupima, kwa hiyo ikaisukuma injini ya kulia ibebe mzigo wa mbili. Injini ya kulia ikaanza kuvuta mafuta mengi zaidi kupitia filta ambayo nayo ilikuwa inaziba. Ikafuata mwenzake.

Nahodha akatoa mikono mfukoni, akakimbilia omo, akaangusha nanga. Ikashika. Mzee akateremka kwenye injini, akamwaga maji, akabadilisha filta, akatoa hewa kwenye mabomba, na kabla ya nusu saa kupita injini moja ilikuwa inanguruma. Hakuna aliyeumia, hakuna kilichogongwa. Ripoti ya kwanza iliandikwa kwa maneno mawili, "mafuta machafu", na mkandarasi akaanza kutafuta ugomvi na aliyemuuzia dizeli.

Kilichokuwa ndani ya filta

Filta za kwanza, zile zenye bakuli la kutenganisha maji, tulizifungua sitahani juu ya gazeti. Bakuli la kushoto lilikuwa na maji zaidi ya nusu. Juu yake dizeli. Katikati, pale mafuta yanapokutana na maji, palikuwa na utando wa kahawia ulioiva kuwa mweusi, wenye utelezi, unaovutika ukiushika kwa vidole, na harufu ya yai viza. Karatasi ya filta ilikuwa imepakwa kitu hicho hicho kote. Ukiikamua, dizeli haitoki, inatoka ute.

Mafundi wa pwani wanakijua. Ni viumbe hai, bakteria na kuvu, wanaokaa kwenye mpaka wa maji na dizeli: maji wanayahitaji kuishi, mafuta ndiyo chakula. Pasipo na maji hawaoti. Joto la kwetu linawapendeza sana. Wanapokufa miili yao inashuka chini ya tangi kuwa tope, na wakati bahari ni tulivu tope hilo hukaa huko kwa amani, hata miezi. Boti ikiyumba sana, kama ilivyoyumba asubuhi ile nje ya Ras Serani, tope lote linatibuka na kuanza safari ya kwenda kwenye filta.

Mkandarasi alitaka kumwaga dawa ya kuua vijidudu ndani ya tangi na kufunga jalada. Dawa ipo na inafanya kazi, lakini inaua tu, haiondoi maiti. Ukiimwaga kwenye tangi lililokwisha kuchafuka, unaandaa mzibo mkubwa zaidi wiki inayofuata. Tangi kwanza lifunguliwe, lisafishwe kwa mkono, ndipo dawa iwe kinga.

Sampuli ya dizeli kutoka kwenye pipa la muuzaji ilikuwa safi, inang'aa. Kwa hiyo maji yaliingia yakiwa tayari mikononi mwa mwenye boti, na milango tuliyoikuta ni mitatu. Wa kwanza, mabomba ya kupumulia tangi yalikuwa mafupi, yamepindwa karibu na sitaha upande unaopigwa na rasharasha, na hayakuwa na kifuniko cha kujifunga maji yanapopanda. Wa pili, boti ilikuwa inalazwa Ijumaa hadi Jumatatu na tangi nusu. Hewa yetu ina unyevu mwingi. Usiku chuma kinapoa, unyevu unageuka matone ndani ya dari la tangi na kudondoka. Wa tatu ni aibu kidogo: mafuta yalijazwa kwa pampu ya mkono kutoka mapipa yaliyosimama wima gatini. Pipa likisimama wima, mvua inakaa juu ya mfuniko wake, na pipa linapopoa usiku linavuta ndani kile kilichokaa pale juu. Lilazwe au liinamishwe. Vijana wa gatini wanalijua hili, hakuna aliyewauliza.

Sifuri ya mzee

Sasa swali zito. Milango hiyo mitatu ilikuwa wazi miaka yote. Boti ilifanya kazi kusi na kaskazi bila kuzima kwa sababu ya mafuta hata mara moja, na daftari la injini linasema hivyo. Kwa nini izime siku ile?

Nilimkuta mzee wa injini ameketi akinywa kahawa.

"Mzee, maji ya kwenye filta ulikuwa wayatoa?"

"Kila asubuhi, kabla ya kupiga stata. Nafungua koki ya chini, namwaga kwenye chupa mpaka ije dizeli safi. Siku ya kusi namwaga tena adhuhuri."

"Mbona haimo kwenye daftari?"

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, wewe ukinawa uso waandika?"

Timu ya mradi, watu waliosoma na wenye nia nzuri, walikuwa wamechukua daftari lile na kulifanya msingi wa hesabu zao za kutegemeka. Safu ya hitilafu za mafuta ilikuwa na sifuri. Wakaamini mfumo wa mafuta ni wa kuaminika, wakapeleka fedha zao kwenye kamera, rada na mawasiliano. Sifuri ile ilikuwa kazi ya mikono ya mzee. Siku alipotia mikono mfukoni, sifuri ikaondoka naye.

Hapo ndipo ulipo uchambuzi wangu wote wa kisa hiki, mengine ni matawi. Kutegemeka kwa injini ya dizeli baharini, kama tunavyokuhesabu kwa rekodi, ni jumla ya injini na mtu. Rekodi inaandika kilichoharibika. Haiandiki kilichozuiwa kuharibika na mtu aliyepita pale na kitambaa begani. Ukimwondoa huyo mtu, takwimu ulizonazo si za chombo chako tena.

Mtu anaweza kuuliza: je, meli kubwa si tayari zina vyumba vya injini visivyo na watu? Zipo, na kwa miaka mingi. Mkataba wa SOLAS, wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, una kanuni zake kwa vyumba vya injini vinavyoachwa bila zamu kwa vipindi, na meli nyingi zikiwa bahari kuu usiku huko chini hakuna mtu, alamu imeunganishwa na kabini ya injinia wa zamu. Lakini tazama zinavyofanya zikikaribia Kilindini: kabla ya rubani wa bandari kupanda, injinia wanateremka. Na asubuhi kila siku mtu anapita kumwaga, kugusa, kukaza. Chumba kisicho na zamu ni chumba chenye mtu anayelala ghorofa ya juu. Umbali kutoka hapo hadi chombo kisicho na mtu kabisa ni mkubwa kuliko unavyoonekana kwenye vijitabu vya mauzo.

Waliotangulia walikwama wapi

Tukio letu ni dogo, lakini halina upekee. Mwaka 2021 boti ya utafiti iitwayo Mayflower, isiyo na mtu, ilitoka Plymouth ya Uingereza kuvuka Atlantiki. Baada ya siku chache ikageuzwa: kiungo cha chuma kinachonepa, kati ya jenereta na bomba la ekzosi, kilikuwa kimepasuka. Mwaka 2022 ikajaribu tena. Ikabidi ipitie Azores kwa sababu ya swichi ya jenereta, kisha ikaelekezwa Halifax kwa tatizo la chaji ya betri za kupigia stata. Mwishoni mwa Juni ikafika Marekani. Akili yake ya kuona na kukwepa meli, ambayo ndiyo iliyoandikwa magazetini, haikuwa ndiyo iliyoikwamisha. Kilichoikwamisha ni bomba, swichi na betri, vitu ambavyo fundi mmoja mwenye spana na waya angemaliza navyo kabla chai haijapoa.

Wanajeshi wa majini wa Marekani nao wamelazimishwa kulitazama hili. Katika sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2021, bunge lao liliweka sharti kwa meli kubwa zisizo na watu: injini na mitambo ya umeme ithibitishwe kwanza nchi kavu kwa saa 720 mfululizo, yaani siku 30, bila matengenezo na bila mkono wa mtu. Ukiisoma hivi hivi, saa 720 zinaonekana chache kwa dizeli. Injini ya meli inaweza kwenda maelfu ya saa. Lakini chukua kitabu cha injini ndogo kama hizi zetu: kubadilisha oili ni kila saa 250 au karibu na hapo. Siku 30 mfululizo ni karibu mara tatu ya hapo. Hujagusa belti bado, wala filta, wala impela ya pampu ya maji.

Na DARPA, shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, kwenye mradi wao wa NOMARS, walikwenda mbali zaidi: walichora meli ambayo tangu mwanzo haikuwekewa nafasi ya binadamu, na wakakubali kwamba baadhi ya mitambo itakufa njiani. Hesabu yao ni meli iendelee kwa nguvu pungufu mpaka irudi, badala ya kudai kila kipande kisife. Hiyo akili naipenda. Kompyuta ya boti yetu ilifanya kinyume chake. Ilipopoteza injini moja, iliiua ya pili kwa kulinda mwendo ambao hakuna aliyeuhitaji. Mstari wa kupima kina unaweza kurudiwa kesho.

Vali moja iliyoachwa wazi

Injini mbili ni bima pale tu zinapokufa kwa sababu tofauti. Boti ilikuwa na tangi mbili, kila moja na injini yake, na vali ya kuziunganisha katikati. Zamani mzee aliifungua anapotaka kusawazisha boti ikilalia upande, kisha akaifunga. Ilipopangwa kuondoa watu, wabunifu wakajiuliza nani atasawazisha mafuta, na jibu lao likawa: vali iachwe wazi daima, mafuta yajisawazishe yenyewe. Ni jibu zuri kabisa la swali la mizani. Kwa swali la kutegemeka liligeuza tangi mbili kuwa moja, na tope la upande mmoja likawa mali ya wote.

Uamuzi huo haukuonekana kwenye orodha yoyote ya hatari. Ulifanywa kwa simu, nadhani, kati ya mtu wa mizani na mtu wa mabomba. Nimeona mengi ya namna hiyo: vitu viwili vinavyojitegemea kwenye mchoro vinakutana kwenye betri moja, bomba moja la hewa, waya mmoja wa ardhi, tundu moja la kuvutia maji ya bahari. Ukitaka kujua kama kweli una injini mbili, usihesabu injini. Fuata mafuta, maji, hewa na umeme kurudi nyuma mpaka chanzo, uone vinaungana wapi.

Orodha ya mikono

Tulichofanya kabla ya kununua kitu chochote ni kumrudisha mzee kazini kama zamani na kumpa kijana wa kumfuata na daftari, aandike kila alichokigusa, alichokinusa na alichokitazama. Mzee alilalamika siku ya kwanza, kisha akazoea, kisha akaanza kufundisha.

Orodha ilikuwa ndefu. Anaweka mgongo wa kiganja kwenye bomba la maji linalotoka kwenye kipozeo. Anachungulia tezi kuona ekzosi inatema maji kiasi gani. Anabonyeza belti ya alteneta kwa gumba. Anakaza kidogo pakingi ya shafti inapodondosha maji kuliko kawaida, na kuilegeza ikiwa haidondoshi kabisa. Anafuta vichwa vya betri. Anatoa mwani na mifuko kwenye chujio la maji ya bahari. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2017 lakini bahari ina akiba ya zamani. Anatia kidole kwenye ngama na kukinusa, kujua kama ni maji, oili au dizeli.

Kila tendo tulilipitisha kwenye maswali kwa mpangilio huu: linaweza kuondolewa lisihitajike tena? Likishindikana, linaweza kuongezewa nafasi ili lisubiri boti irudi gatini? Likishindikana hilo pia, ndipo lipewe mashine. Sensa inakuja mwisho kabisa. Mkandarasi hakulipenda hili, kwa sababu sensa zilikuwa zimeshanunuliwa. Lakini siku ya tukio sensa ya maji ilifanya kazi vizuri, kwa wakati. Ilimwambia mtu wa Mbaraki jambo ambalo hakuwa na mkono wa kulifanyia chochote. Alamu isiyo na mkono nyuma yake ni habari ya msiba tu.

Kwa mafuta tuliondoa. Mabomba ya kupumulia yakapandishwa juu na kuwekewa vifuniko vya kujifunga. Tangi zikafunguliwa, zikasafishwa, zikawekewa mfuko mdogo chini kabisa ambako maji yanakusanyika, na bomba la kuvuta likainuliwa juu ya hapo. Vali ya katikati ikafungwa na kutiwa kufuli. Mizani itashughulikiwa gatini. Filta zikabadilishwa kwa kubwa mara kadhaa ya zile za kiwandani. Na tukaweka pampu ndogo ya umeme kila upande inayozungusha mafuta ya tangi kupitia filta yake yenyewe, mchana na usiku, hata boti ikiwa imelala. Hiyo ndiyo inayofanya kazi ya koki ya mzee. Pampu ikifa, injini haina habari. Mafuta yanachelewa kuchafuka na boti inarudi nyumbani.

Kwa kupoza, hapo nilibishana sana. Injini zilipozwa kwa kuvuta maji ya bahari: chujio, pampu, impela ya mpira, kipozeo, vipande vya zinki. Kila kimoja ni kitu cha kukaguliwa. Impela ikikosa maji hata kwa muda mfupi tu inachanika. Nilipendekeza mabomba ya kupoza yafungwe nje, chini, pembeni mwa mkuku, maji ya injini yazunguke humo na kurudi, bila tone la bahari kuingia ndani. Vyombo vya kazi na vya uvuvi vimetumia mtindo huo miaka mingi. Pingamizi lilikuwa la haki: maji yetu ni ya joto, nyuzi 25 hadi 30 kwa mwaka, na kila kinachokaa ndani yake kinaota magamba. Jibu ni ukubwa. Vyama vya kukagua meli hupiga hesabu za mitambo kwa bahari ya nyuzi 32; sisi tukapiga kwa nyuzi hizo na mabomba yakiwa yameota nusu. Yakawa makubwa, mabaya kuyatazama, na yanapunguza mwendo. Boti ya kupima kina haina haraka.

Oili tuliipa nafasi: tangi la ziada linalozungusha oili pamoja na sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na filta ya pembeni. Belti zitabadilishwa kwa saa, kabla hazijazeeka. Pakingi ya shafti mkandarasi alichagua aina isiyodondosha. Sina imani nayo sana, lakini iko kwenye ngama ambako pampu ipo.

Suala la injini za kisasa lilijitokeza, kama linavyojitokeza kila mara. Zetu ni za pampu ya kizamani, hazina kompyuta ndani. Muuzaji alikuja na hoja kwamba injini za komonireli, zenye bomba moja la pamoja la mafuta ya shinikizo kubwa linalosimamiwa na kompyuta, zinajitangaza zenyewe: joto, shinikizo, kila nozeli. Ni kweli, na zinachoma vizuri zaidi. Lakini mafuta ndani yake yanabanwa zaidi ya baa elfu moja, kwenye nafasi za mikroni chache, na tone la maji linalopita kwa pampu ya kizamani kwa kikohozi tu linaweza kuua nozeli ya komonireli moja kwa moja. Kwa boti hii, kwa mafuta ya mapipa, nilisema zibaki za zamani. Kwa chombo kikubwa chenye mfumo wa mafuta wa heshima ningesema vingine.

Jaribio la pili

Mikono ikarudi mfukoni, kusi bado ikiwepo. Boti ikafanya mistari ya nje na ya ndani. Pampu ya kuzungusha mafuta ya upande wa kulia ilikata fyuzi siku ya pili. Hakuna aliyegusa, na injini iliendelea bila kujua. Kilichosimamisha jaribio ni betri. Stata ya kushoto ilikataa asubuhi moja kwa sababu ya kutu kwenye kichwa cha waya, mahali ambapo mzee alikuwa akipafuta kila siku. Tulikuwa tumekiandika kwenye orodha, na tulikuwa tumekipa sensa ya volti. Volti zilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni mkondo wa umeme kupita. Sasa kila injini ina betri mbili zenye nyaya tofauti, na kila asubuhi kompyuta inapima volti zinavyoanguka wakati stata inavuta, ambacho ndicho kipimo cha kweli.

Programu nayo imeandikwa upya. Filta inapoanza kuvuta kwa shida, hilo linaonekana saa nyingi kabla ya kuziba, kwa hiyo boti inapunguza mwendo na kugeuza kurudi badala ya kusubiri alamu. Ikipoteza injini moja, ya pili hairuhusiwi kupita nusu ya nguvu.

Lililobaki ni nanga. Siku ya tukio kilichookoa boti, na pengine feri iliyojaa watu, ni nahodha kukimbilia omo, na kazi hiyo haikuwa kwenye orodha ya mikono kwa sababu orodha iliandikwa kwenye chumba cha injini. Nimependekeza kishikio cha nanga kinachoachia chenyewe injini zote mbili zikifa na umeme ukikatika, kikishikiliwa na sumaku ya umeme ili kukosa umeme ndiko kuangushe. Mkandarasi anasema ni ghali, na anaogopa itaanguka pasipo sababu katikati ya njia ya meli. Hofu yake ina msingi. Tunafikiria kuchelewesha kwa dakika chache na kuzuia kwa ramani. Mpaka hapo patakapoamuliwa, boti inapokwenda upande wa mashariki wa Mbaraki, watu wawili wanapanda.